Maji ya Jirani

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Daftari hili sikuliomba. Nimepewa jana baada ya misa na Masera Godelieve, yule mtawa mrefu wa Kibelgiji anayesimamia wanawake wa misheni. Alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, watu wakipita, akasema wiki tatu sasa sijapokea komunyo na mwalimu wa dini hawezi kukaa hivyo. Ameniagiza niandike kila siku mstari mmoja tu: wapi nimemwona Mungu siku hiyo. Sikukuu ya Wafalme ikifika, mwezi wa kwanza, nimrudishie asome.

Haya basi. Leo sikumwona.

Sababu Masera anaijua, ila nitaiandika asije akasema sikueleza. Nimeolewa miaka sita. Mwanangu wa kwanza kuzaliwa hai alizaliwa tarehe 6 Septemba, akafa tarehe 14, siku ya tisa, bila ubatizo. Padri hakukubali alazwe pamoja na Wakristo. Yuko nje ya ua wa makaburi, upande wa magugu, pamoja na watoto wengine wasio na msalaba. Mimi niliyefundisha Limbo ni nini, kwamba watoto hao hawaungui lakini uso wa Mungu hawauoni kamwe, sasa nina wangu huko.

Alifia mikononi mwa Mama Zaina, jirani yetu Mwislamu. Nilikuwa nimemwachia nikakimbilia misheni kumwita Padri. Niliporudi nilikuta mtoto ametulia na kichwa chake kimelowa maji. Alikwisha kumwosha maiti kwa desturi yao, kabla mimi mama yake sijafika! Nilimwambia mbele ya mtaa wote kwamba mikono yake imemchafua mwanangu. Sijajuta hata kidogo.

Jumanne, 5 Oktoba

Sikumwona.

Jumatano, 6 Oktoba

Sikumwona. Mvua tangu asubuhi.

Jumamosi, 9 Oktoba

Kuku wa Mama Zaina wamepita chini ya ua wa mianzi wakala mbegu za mpunga nilizoanika. Nilimrushia mmoja kipande cha tofali, akavunjika mguu. Mama Zaina alikuja, akamwokota, akaenda zake bila neno.

Hilo ndilo linaloniudhi kwa mwanamke huyu. Hasemi. Ukimtukana mtu akakunyamazia, matusi yanakubakia mdomoni kama ugali uliopoa.

Mungu sikumwona. Nilimwona kuku.

Jumatano, 13 Oktoba

Ferdinand, mume wangu, amerudi na treni kutoka Kibombo. Yeye ni mlinzi wa mabehewa, siku tatu yuko reli, siku mbili yuko nyumbani, na hata akiwa nyumbani masikio yake yako reli.

Mchana Mama Zaina aliweka sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo kwenye baraza yetu, akaondoka. Nikaichukua vilevile, nikaenda kuiweka mlangoni kwao.

"Odile," Ferdinand akasema, "chakula haina dini."

"Basi kakile kwao."

Alikwenda kweli! Alikula na Asumani, mume wa yule mwanamke, mshona nguo ambaye ndiye anayeadhini msikitini. Ni mtu mkali. Akipita njiani hata mbuzi wanasimama vizuri. Ferdinand akarudi ameshiba, mimi nikashinda na njaa yangu. Sikumwona.

Jumatano, 20 Oktoba

Mvua. Sikumwona. Masera akitaka nibadilishe jibu, na yeye abadilishe swali.

Jumatatu, 25 Oktoba

Leo ilikuwa zamu ya shamba la Mama Zaina. Wanawake wa mstari wetu wa nyumba tuna mashamba ya mpunga ng'ambo ya reli, na tunapalilia pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, Wakristo na Waislamu. Asiyekwenda kwa mwenzake anarukwa zamu yake. Sikwenda. Wataniruka, na waniruke.

Jumanne, 2 Novemba

Siku ya Marehemu. Nitaandika mengi, mkono wenyewe unawasha.

Asubuhi watu wote walikwenda makaburini na majembe na maua. Euphrasie, kiongozi wa wanawake wa parokia, alikuwa na kitambaa kipya cheupe, akiimba kuliko wote, kana kwamba marehemu ni viziwi. Padri alipita kaburi kwa kaburi na maji ya baraka. Alifika kwenye kaburi la mwisho karibu na ua, akanyunyiza, akageuka.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ua, kwenye magugu. Kutoka mguu wa Padri hadi kwa mwanangu ni hatua sita, nimezipima baadaye. Angenyoosha mkono tu, hata tone moja likapotea njia. Aliniona, akainamisha macho, akaenda zake. Padri si mtu mbaya na najua anafuata sheria. Nilimchukia hata hivyo, na bado namchukia ninavyoandika.

Nilipofika nyumbani Mama Zaina alikuwa uani kwake anapepeta mchele. Aliniangalia magoti yangu yaliyojaa udongo. Alifungua mdomo. Nikamwambia, "Usithubutu." Akaufunga.

Masera, kwa kuwa utasoma, soma na hili. Sijamwambia mtu yeyote, hata Ferdinand.

Mtoto alianza homa Jumapili tarehe 12. Siku ile ningeweza kumpeleka kanisani akabatizwa baada ya misa kama watoto wengine. Sikumpeleka kwa sababu gauni lake jeupe lilikuwa halijakwisha. Nilikuwa natia dantela, ile lesi nyeupe, kwenye shingo. Na Ferdinand alikuwa reli, nami nilitaka baba yake awepo, na kuku wachinjwe, na Euphrasie aone. Nikasema Jumapili ijayo. Jumanne mchana mtoto akakataa ziwa, macho yakageuka. Nikampa mwanamke wa kwanza niliyemwona, nikakimbia.

Misheni ni mwendo wa dakika arobaini. Mvua kubwa ya kwanza ya msimu ilinikuta nusu ya njia. Padri alikuwa amevuka mto kwenda Alunguli.

Mwanamke gani alikimbia hivyo? Odile, mwalimu wa dini! Miaka mitatu nimewafundisha wanawake kwenye baraza yangu: mtoto akiwa katika hatari ya kufa usingoje Padri, chukua maji, mwagia kichwani, sema maneno. Nimewakaririsha mpaka wakaweza kuyasema usingizini. Mtungi ulikuwa pale mlangoni, kikombe juu yake. Niliupita mtungi huo nikikimbia. Sikukumbuka. Mimi niliyewafundisha wanawake arobaini, sikukumbuka.

Sasa unajua kwa nini siji kwenye komunyo. Mama Zaina namchukia kwa kumwosha mtoto wangu. Lakini mtu ninayeshindwa kukaa naye nyumba moja ni mwingine, na huyo siwezi kumkimbia.

Sikumwona Mungu. Kama alikuwapo makaburini, alikuwa ndani ya ua.

Jumatano, 3 Novemba

Sikumwona.

Alhamisi, 11 Novemba

Homa. Ferdinand yuko reli. Sikumwona.

Jumapili, 14 Novemba

Bado homa. Miezi miwili leo.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimepata nguvu nikavuka reli kwenda kuona shamba. Nilitegemea kukuta magugu yamenishinda, maana zamu yangu waliniruka kama nilivyotaka. Nikakuta limepaliliwa. Si lote, ile nusu inayopakana na shamba la Mama Zaina. Mistari imenyooka na magugu yamelazwa mizizi juu, kwa namna yake, maana mkono wake naujua.

Nilirudi moja kwa moja hadi kwenye ua wake.

"Nani alikutuma kwenye shamba langu?"

"Majani haiangaliaka mupaka, dada," akasema bila kuinua kichwa. "Ya kwako ingeingia kwangu."

"Usinipalilie tena."

"Ndiyo, dada."

Ningependa angenijibu vibaya. Nilitamani sana. Nimeingia ndani nikavunja kibuyu kisicho na kosa.

Jumapili, 28 Novemba

Masera ameamuru nirudi kufundisha. Wanawake saba wanataka kubatizwa Pasaka na hakuna mwingine wa kuwafundisha. Nilimwambia siwezi kufundisha nisichokipokea. Akasema: "Odile, wewe unafundisha wao, Mungu anafundisha wewe." Swahili ya Masera hutembea na viatu vya mbao, lakini inafika. Nimekubali ili aniache.

Ijumaa, 10 Desemba

Somo la leo lilikuwa ubatizo. Nilijua litafika, nimelikimbia mara moja. Saba wote walikaa kwenye baraza, na upande wa pili wa ua mchi wa Mama Zaina ukienda kwenye kinu, tu, tu, tu, kama kila Ijumaa.

Nikawaeleza hatari ya kufa. Sauti yangu niliisikia mwenyewe, kavu. Nikawakaririsha maneno. Wakayasema.

Kisha Émilienne, mke wa fundi wa reli, ambaye hajawahi kuona kimya akakipenda, akauliza: "Mwalimu, na kama mwenye kumwanga maji njo mupagani? Ao Mwislamu? Inashika?"

Wakacheka. Nikakasirika, maana hakuna cha kuchekesha.

"Inashika," nikasema kwa sauti kubwa. "Hata Mwislamu. Akimwaga maji, akasema maneno, akakusudia kufanya lile linalofanywa na Kanisa, mtoto amebatizwa, sawasawa na Padri mwenyewe. Kitabu kinasema hivyo, si mimi."

Mchi ulisimama. Haukuendelea tena mpaka wanawake wakaondoka. Nilidhani amechoka.

Jumamosi, 11 Desemba

Siwezi kupanga vizuri. Naandika kama kilivyotokea.

Alasiri Asumani alipokwenda msikitini, Mama Zaina alizunguka ua akaja mlangoni kwangu. Tangu Septemba hajakanyaga hapa isipokuwa kumwokota kuku na kuweka ile sahani. Alikuwa ameshika upindo wa kanga kwa mikono miwili.

"Dada, neno ile ulisema jana. Njo kweli, ao ulisema tu kwa kumunyamazisha yule mwanamuke?"

"Neno gani?"

"Ya maji. Hata mukono ya Mwislamu."

"Ni kweli. Inakuhusu nini?"

Akakaa chini, hapo hapo mlangoni, kwenye udongo uliolowa.

"Basi mutoto yako alibatizwa," akasema.

Sikuelewa. Nilimwambia aseme tena. Alisema tena, kisha akaeleza, macho yake kwenye mtungi.

"Ulipokimbia, alianza kugeuka rangi. Mimi nimezaa nane na nimezika tatu, pumzi ile naijua. Nilijua hautafika. Na wewe, kila Ijumaa nakusikiaka kupitia ua, miaka tatu. Maneno ile nayajua kuliko wanafunzi wako. Nikasema, mama yake anataka kitu hii kuliko kitu yote, na hayupo. Nikachota maji kwa kikombe. Nikamumwangia kichwani mara tatu, nikasema: Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mutakatifu. Sikukusudia ya kwangu, dada. Nilikusudia ya kwako. Akapumua mara mbili, akaenda."

"Hukumwosha?"

"Ningemuosha namna gani, na mama yake iko njiani?"

Nilikaa kitako.

"Kwa nini ulinyamaza?" Nilipiga kelele, nakiri. "Miezi mitatu! Umeniona narudi kutoka makaburini, magoti yamejaa udongo, ukanyamaza!"

"Ulisema mikono yangu ilimuchafua. Nikafikiri basi kumbe haikushika. Nikafikiri nimeharibu kitu yenu, mutoto amepotea sababu yangu. Ningekuambia nini? Nikuongezee?" Akajifuta uso. "Na Asumani. Akijua nilitamuka maneno ile, atanirudisha kwetu Kibombo. Miaka makumi mbili na mbili, dada."

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kulaza kichwa changu mapajani pake nilie mpaka jua lizame. Sikufanya lolote. Nilimtazama tu, naye akasimama, akakung'uta kanga.

"Kitu moja tu inaniumizaka. Jina yake sikuijua. Nyinyi munafichaka jina mupaka siku ya maji. Nikasema tu, mutoto ya jirani."

Sikumwambia jina. Bado nilikuwa na hasira. Akaondoka kabla Asumani hajarudi.

Mwanangu amebatizwa. Nimeandika, nitaandika tena. Mwanangu amebatizwa. Mwanangu anauona uso wa Mungu tangu saa tisa ya mchana tarehe 14 Septemba, na mimi wakati ule nilikuwa nakimbia kwenye tope kumtafuta Mungu huyo huyo.

Jumapili, 12 Desemba

Baada ya misa nikamwendea Padri. Sikutaja jina. Nikauliza: kama mtoto alibatizwa na Mwislamu katika hatari, na ikajulikana baadaye, mnafanyaje? Padri si mjinga. Alivua miwani, akanitazama muda mrefu.

Akasema: "Mtu huyo aje mwenyewe aape mbele yangu na mashahidi wawili. Akiwa ni mwanamke mwenye mume, mume naye ajue, nisije nikaambiwa navunja ndoa za watu. Nitaandika jina la mtoto katika kitabu cha ubatizo. Kaburi nitalibariki siku hiyo hiyo, na ule ua nitausogeza kwa mikono yangu." Sauti ilimkatika kidogo mwishoni. Sikutegemea.

Jina kitabuni, msalaba, na ua usogezwe. Sitaki kitu kingine duniani.

Jumanne, 14 Desemba

Miezi mitatu. Nimemwambia Mama Zaina kupitia ua maneno ya Padri, hata lile la mume. Alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kuosha sufuria moja ambayo ilikuwa imekwisha kutakata.

"Ukisema nikuje, nitakuja," akasema. "Ni mutoto yako. Lakini unipe siku mbili tatu nitenge vyombo yangu. Asumani hatanipa nafasi ya kufunga muzigo."

Alhamisi, 16 Desemba

Na aende. Nani alinihurumia mimi? Ana watoto watano hai. Kibombo si mwisho wa dunia, treni inafika, Ferdinand atambebea mizigo bure. Mwanangu kwanza.

Ijumaa, 17 Desemba

Sikufundisha. Nimewaambia wanawake naumwa. Upande wa pili wa ua anatenga vyombo. Namsikia: hiki cha Asumani, hiki changu, hiki cha Asumani. Anaviweka polepole visipige kelele, na ndiyo maana nasikia kila kimoja.

Jumamosi, 18 Desemba

Mvua. Vyombo.

Jumapili, 19 Desemba

Vyombo vimekwisha. Sasa kimya, na kimya hiki ni kibaya zaidi. Padri ameniangalia wakati wa misa kama anayeuliza. Nimegeuza uso.

Jumatano, 22 Desemba

Mpunga umeanza kujaza na ndege wamejua kabla yetu. Leo kila mwenye shamba alikuwa ng'ambo ya reli akipiga makopo. Shamba langu na lake yamepakana, kwa hiyo tulipiga makopo bega kwa bega kama watu wanaopatana. Ndege wakihama kwake wanaingia kwangu, nikiwafukuza wanarudi kwake. Nikaona tunafanya upuuzi, nikaingia shambani kwake, tukawapiga kutoka upande mmoja mpaka wakaruka kuelekea mtoni.

Nilikuwa natweta. Nilimwangalia. Ana mvi nyingi ambazo Septemba hakuwa nazo. Siku ile angeweza kumshika mtoto wangu tu, na kungoja, na hakuna mtu angemlaumu. Yeye Mwislamu, mke wa mwadhini, alisema maneno ambayo yangemfukuzisha nyumbani, juu ya mtoto asiye wake, kwa sababu aliona mama yake angetaka. Nilikuwa natafuta miezi mitatu Mungu alikuwa wapi saa ile. Nimeuliza kanisani, nimeuliza makaburini kwa matusi. Alikuwa nyumbani kwangu na kikombe mkononi, nami nilipoingia nilimtukana.

Nikasema, "Rudisha vyombo mahali pake."

Hakusikia vizuri kwa ajili ya makopo. "Nini, dada?"

"Vyombo. Virudishe. Huendi popote. Padri sitamwambia."

"Na mutoto?"

"Mtoto amebatizwa. Kitabu hakikumbatiza, ulimbatiza wewe."

Akaanza kulia, nami nikamwambia aache kulia, ndege wanarudi. Sikusema kwa upole. Upole bado sina. Wala sina hakika kama nimefanya vema. Usiku huu huenda nikabadili nia mara kumi, lakini neno nimekwisha kulisema na yeye amelisikia.

Ijumaa, 24 Desemba

Ferdinand nimemwambia yote, hata habari ya gauni na dantela. Alisikiliza na kofia yake ya reli magotini. Kisha akachukua jembe akaenda makaburini, upande wa magugu, akapasafisha mpaka udongo ukaonekana. Alirudi amelowa jasho, akasema tu: "Iko safi."

Kwa Padri nimeungama chuki, na majivuno ya dantela. Akangoja niendelee. Nikamwambia nimemaliza. Akangoja tena, nikanyamaza, na kumbe kunyamaza nimejifunza kwa mtu. Akaniondolea dhambi.

Jumamosi, 25 Desemba

Nimepokea komunyo. Euphrasie aligeuka kuhakikisha.

Alhamisi, 6 Januari 1955

Sikukuu ya Wafalme. Masera aliningoja mlangoni, mkono mbele.

"Daftari, Odile."

Daftari hili, lenye jina la Mama Zaina na kila neno alilosema, akilisoma Masera leo, kesho liko mezani kwa Padri, na keshokutwa mtaa mzima unalo.

"Sikuandika, Masera."

"Hata mstari moja?"

"Hata mmoja."

Alikuwa mwekundu hadi shingoni. Nilimwona anaumia, maana ananipenda, na mimi namdanganya siku ya sikukuu. Akasema mtu asiyeweza kumtafuta Mungu kwa mstari mmoja kwa siku hawezi kuongoza wengine, na kwamba darasa sasa ni la Euphrasie. Hakusema "nimempa," alisema "wewe umempa yeye." Ni kweli, nimempa. Mungu awasaidie wale saba.

Nimekwenda nyumbani na daftari ndani ya kanga. Nitaendelea nalo mpaka kurasa ziishe, kwa kuwa sasa hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 10 Januari

Ijumaa iliyopita Euphrasie alifundisha nyumbani kwake. Baraza yangu ilikuwa tupu. Mama Zaina aliuliza kupitia ua kwa nini hakuna masomo. Nikamwambia wamehama. Akafahamu bila kuelezwa, akasema, "Dada, pole." Nikamwambia pole yake abaki nayo, anipe mchi wake wa pili, wangu umepasuka. Akanipa.

Jumamosi, 15 Januari

Tumeanza kuvuna. Zamu ya kwanza ilikuwa ya shamba la Mama Zaina, na nimekwenda. Wanawake kumi na moja, kila mmoja na kisu chake kidogo, tunakata suke moja moja. Émilienne alisema kwa sauti, "Ee, Odile! Leo jua itatokea magaribi." Nikamwambia akate mpunga, sio watu.

Mama Zaina alikuwa kwenye mstari wa karibu nami. Tulikata mpaka jua likapanda. Wenzetu walikuwa mbele kidogo, wanaimba. Sikupanga kusema, nilisema tu, macho kwenye masuke.

"Aliitwa Isidore."

Kisu chake kilisimama. Akakata suke moja, akakata la pili, akaliweka kwenye kikapu taratibu kama yai.

Mchana tulipumzika pembeni mwa shamba. Mimi nilikuwa bado mbali, namalizia kona yangu, mgongo umewageukia. Hapo nikamsikia, yule mwanamke asiyepaza sauti kamwe, anaita mbele ya mtaa wote:

"Mama Isidore! Mama Isidore, chakula iko tayari!"

Wanawake waligeuza vichwa huku na huku, wakitafuta ni nani huyo. Nikaitika.